Kuendesha pikipiki Kigoma mjini asubuhi na jioni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hii ni kwa wanaotumia pikipiki kwenda kazini, dukani au chuoni, wale wa Ujiji, Gungu, Katubuka na Mwandiga ambao saa moja na nusu asubuhi wote wako barabarani na saa kumi na moja jioni wanakutana tena wakirudi. Bodaboda nao wamo, mambo ya abiria yako huko chini. Maswali nimeyaacha kama watu wanavyoyauliza, kwa hiyo mengine yanauliza kitu kimoja na jibu linatoka na vitu vitatu, mtanivumilia.

Hivi ajali nyingi za pikipiki si mwendo kasi tu?

Mwendo ndo unaamua utaumia kiasi gani, hilo halina ubishi. Ila kinacholeta mgongano wenyewe mara nyingi ni gari limekukatizia mbele. Kule Los Angeles, Marekani, kulikuwa na jamaa anaitwa Harry Hurt wa University of Southern California, yeye na wenzake walichunguza ajali 900 za pikipiki moja moja, wanafika mpaka eneo la tukio, ripoti ikatoka 1981. Walichokuta ni kwamba kwenye ajali za pikipiki na gari, kama theluthi mbili hivi mwenye gari ndo alimnyima njia mwenye pikipiki, na hali iliyojirudia kuliko zote ni gari linalokuja kwa mbele alafu linakata kona kupita kwenye upande wako. Kule wanaendesha kulia kwa hiyo ni kona ya kushoto, kwetu geuza, ni gari linalokata kulia.

Na madereva karibu wote wanasema neno moja, sikumuona. Watu wa pikipiki wanachukia sana hili jibu lakini mara nyingi ni kweli tupu. Macho ya dereva yanatafuta gari, kitu kipana, we ukija uso kwa uso ni mstari mwembamba tu, haukui mpaka uko karibu kabisa. Ripoti ileile ilionesha kuanzia hatari inapoanza mpaka kugongana mtu anakuwa na chini ya sekunde mbili. Hapo hakuna cha kufikiria wala cha uzoefu wa miaka mingi, unafanya kile mkono na mguu vilichozoea. Ndo maana mi siku zote nasema we endesha kama vile hujaonekana, alafu jiwekee sekunde zako mapema kabla hujazihitaji.

Najiwekeaje hizo sekunde?

Kwenye makutano. Barabarani kwenyewe moja kwa moja hakuna tatizo sana, tatizo liko pale njia inapochomoza. Ukiona kona, geti, kituo cha mafuta, bajaji imesimama pembeni, gari linasubiri kuingia, achia resi kabla hujafika, vidole viwili viwe juu ya breki ya mbele tayari na mguu wa kulia uwe juu ya breki ya nyuma. Sio ukanyage, weka tu. Hicho kitendo kinakuokolea ule muda ambao vinginevyo ungeutumia kutafuta breki iko wapi.

Alafu usimwangalie dereva usoni ukadhani mmeelewana. Mtu anaweza kukukodolea macho na asikuone. Angalia tairi lake la mbele, tairi likianza kuzunguka au kulala upande fulani ndo anaondoka, uso wake utakudanganya ila tairi haliwezi. Kingine, ukiona gari linasubiri kukatiza, sogea kidogo kushoto au kulia ndani ya upande wako, kitu kinachohama kinashtua macho kuliko kinachokuja moja kwa moja.

Taa iwe imewaka hata mchana. Na hesabu iko wazi, ukiwa 40 kwa saa unakata kama mita 11 kila sekunde, ukiwa 60 unakata karibu 17, na hapo bado hata hujashika breki. Ukishashika, 60 inataka nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya 40.

Asubuhi jua linakuwa nyuma yangu, naona vizuri kabisa, kwanini magari yanakuwa kama hayanioni?

Kwa sababu hayakuoni! Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote kwa vile ni la hapa hapa kwetu. Mji wetu umekaa magharibi, ziwani, na watu wengi wanakaa upande wa mashariki na kusini mashariki, Mwanga, Gungu, Ujiji. Asubuhi unashuka mjini jua liko mgongoni, barabara yote inang'aa unaiona mpaka kijiwe, unajisikia uko salama. Sasa jiweke kwenye kiti cha yule anayepanda kutoka stesheni, jua lote liko kwenye kioo chake, kioo kina vumbi la jana, ameshusha kile kikingio cha jua na bado amekunja uso, na wewe unatokea katikati ya mwanga huohuo. Kwake we ni kivuli kama una bahati.

Jioni ni vilevile, unarudi nyumbani jua linazama nyuma yako kwenye milima ya Kongo, wanaoshuka mjini ndo wanalo machoni. Yaani muda ambao we unaona vizuri zaidi ndo muda ambao wenzako hawakuoni kabisa. Kanuni yangu ni nyepesi, kama kivuli changu kirefu kiko mbele yangu basi kila gari linalonikabili nalihesabu ni kipofu, na kwenye kona yoyote ambayo linaweza kukata napunguza hata kama njia ni yangu.

Rifleksa ya njano au ya kijani ile inasaidia, ila kwa jua la namna hii taa ya mbele inasaidia zaidi.

Huu mteremko wa Lumumba kushuka stesheni, watu wanazima injini wanashuka fri, kuna ubaya?

Upo. Najua mafuta ni bei, lakini ukizima injini au ukiweka nyutro umetoa breki moja kati ya tatu. Gia ndogo inashikilia pikipiki isikimbie, kwa hiyo shuka na gia ya pili au ya tatu kulingana na mzigo, usishike klachi, acha injini ivute. Pikipiki nyingi za huku zina breki za dramu mbele na nyuma, ukining'inia kwenye breki mteremko wote zinapata moto na zikipata moto zinaanza kulegea, unakanyaga na pikipiki inaendelea kwenda. Ukiwa na abiria na gunia ndo usiseme.

Afu mafuta unayookoa hapo ni ya kupimia kwenye kizibo.

Nishike breki ipi? Fundi aliniambia ya mbele inapindua.

Inapindua ukiikamata kwa ghafla kama unachinja kuku, au ukiishika huku umelaza pikipiki kwenye kona, au kwenye changarawe. Ila kwenye lami kavu pikipiki ikiwa imesimama wima breki ya mbele ndo breki yenyewe, kama asilimia 70 ya nguvu ya kusimama inatoka huko kwa sababu ukifunga breki uzito mwingi unahamia tairi la mbele. Wanaotumia ya nyuma tu unawaona tairi linajifunga linaburuza mkia unakwenda upande, na bado hawajasimama.

Bana zote mbili, ya mbele kwa kuongeza nguvu taratibu, unabana kidogo mpaka shoku zishuke alafu ndo unaongeza. Jumapili asubuhi tafuta sehemu haina watu ufanye mazoezi kuanzia mwendo wa 20, kisha 30, kisha 40. Watu wanajifunza kuondoka, hakuna anayejifunza kusimama.

Pale Mwanga sokoni daladala zimejaa, nipite kushoto au kulia?

Kwa haisi iliyosimama kituoni, kushoto usipite kabisa. Mlango uko kushoto, konda anaruka kabla gari haijasimama, mama anashuka na ndoo ya dagaa hajaangalia popote, na we ndo unapita hapo kwenye upenyo wa nusu mita. Ukimgonga huyo mama wala usimlaumu.

Kulia kuna hatari zake mbili. Ya kwanza ni dereva kuchomoka bila indiketa, ya pili ni mtu kuvuka kwa mbele ya gari ambako humuoni kabisa. Cha kusikiliza ni konda. Akigonga bodi paa paa maana yake gari inaondoka sasa hivi, haijalishi we uko wapi. Cha kuangalia ni tairi la mbele na chini ya gari, ukiinama kidogo unaona miguu ya anayevuka. Pita kwa mwendo wa mtu anayekimbia, acha nafasi ya mlango kufunguka, piga honi fupi moja. Honi ndefu inamkera tu mtu anakugeukia badala ya kutoka njiani.

Kujipenyeza katikati ya magari yaliyosimama, mi sipendi, lakini najua mtafanya kwa hiyo angalau usizidi mwendo wa hayo magari kwa zaidi ya 15 au 20 kwa saa, na yakianza tu kutembea rudi kwenye mstari. Usijibane kati ya fuso na ukingo wa barabara hata siku moja, fuso likikata kona tairi la nyuma linapita ndani zaidi kuliko la mbele na dereva kule juu hana habari na wewe.

Na bajaji?

Bajaji inageukia hapohapo iliposimama. Ukiona abiria pembeni ameinua mkono na bajaji iko mbele yako upande wowote wa barabara, ujue inakuja kwake.

Niweke umbali gani na gari la mbele?

Sekunde mbili kwenye ukavu, nne kwenye mvua. Chagua nguzo, gari la mbele likiipita hesabu mia moja na moja, mia moja na mbili, ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza uko karibu sana. Utasema ukiacha nafasi mtu anachomekea. Atachomekea, ndiyo, na we unaachia resi kidogo unaitengeneza tena. Usikae katikati ya gari kwa nyuma, kaa usawa wa saidimira yake, kama we huoni uso wake kwenye kioo basi na yeye hakuoni, na kukaa pembeni kunakupa kuona shimo kabla halijatokea ghafla chini ya gari.

Mvua zimeanza, barabara inateleza kama imepakwa sabuni. Nifanyeje?

Mbaya zaidi ni zile dakika 10 au 15 za kwanza, hasa mvua za mwezi wa kumi na wa kumi na moja baada ya kiangazi chote. Oili, dizeli na vumbi vimekaa kwenye lami miezi, maji yakija yanaviinua juu. Na sisi tuna nyongeza yetu, mawese. Madumu yanavuja barabarani na hakuna anayesimama kufuta, kwa hiyo ukiona lami ina rangi za upinde wa mvua au doa jekundu linang'aa usilipite na breki wala usilalie kona. Kama unaweza kusubiri, subiri mvua ishike vizuri isafishe barabara, kunywa chai.

Baada ya mvua kuna udongo na mchanga ulioteremka kutoka milimani kwenye njia za pembeni, unakaa palepale kwenye kona ambapo we unataka kulaza pikipiki. Ukishauona mapema punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, alafu pita na resi ileile bila kushtuka. Ukipita kwenye dimbwi breki za dramu zinalowa na hazishiki, ukitoka bana kidogo kidogo huku unatembea mpaka zikauke. Dimbwi usilolijua chini lipishe.

Na kokote reli inapokatiza barabara, iwe kavu iwe mvua, ikatize kwa kunyooka, sio kwa ubavu. Treni imefika Kigoma 1914 na chuma hakijabadilika tangia hapo, kikilowa kinateleza.

Helmeti ya elfu kumi na tano si ileile tu? Nia si kukwepa trafiki?

Kama nia ni trafiki hata sufuria itafaa. Ila kuna mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa 2008 na Cochrane, shirika la kimataifa linalopitia tafiti za afya, yanasema helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kama kwa asilimia 42 na kuumia kichwa kama kwa asilimia 69. Hiyo ni helmeti iliyofungwa. Ukiivaa bila kufunga mkanda, ukianguka inatangulia yenyewe na we unafuata na kichwa kitupu.

Ukinunua bonyeza ndani, lazima kuwe na lile povu gumu nene (foam) na sio sponji la godoro tu. Vaa, funga mkanda vidole viwili tu vipite chini ya kidevu, alafu mwambie mtu aisukume kutoka nyuma kuja mbele, ikivuka kipaji cha uso ikakufunika macho au ikatoka, ni kubwa. Ikishapigwa kwenye ajali moja imemaliza kazi hata kama kwa nje haina ufa. Kioo kikishachunika kwa vumbi badilisha, usiku kila taa inayokuja itakuwa jua.

Na hii ya kubana simu ndani ya helmeti uongee huku unaendesha, hapana. Sikio moja limeziba na akili iko kwa mtu mwingine. Simama pembeni upige.

Mimi ni dada, nabebwa na bodaboda kila siku kwenda kazini, nina swali la kukaa upande.

Dada yangu, kaa kwa kupanua miguu kama nguo inaruhusu. Ukikaa upande uzito wote uko kushoto na dereva akifunga breki huna pa kushikilia. Na zaidi ya hapo ni nguo yenyewe, Kigoma tunavaa vitenge na ushungi, ncha ikining'inia inaingia kwenye cheni au spoki na inakuvuta chini kabla hujapiga kelele. Kabla pikipiki haijaondoka kusanya nguo yote uikalie, ushungi uingize ndani ya koti. Beba suruali nyepesi kwenye pochi ya kuvaa chini, wengi wanafanya hivyo siku hizi. Shuka upande wa kushoto, ekzosi iko kulia na inaunguza vibaya.

Una haki ya kumwambia dereva kaka punguza mwendo. Asipopunguza mwambie akushushe, mlipe alipofikia, chukua mwingine. Kwenye helmeti ya abiria beba kitambaa chako cha kichwa.

Mshikaki, yaani watu watatu pikipiki moja, mara moja moja, sehemu fupi tu, jamani?

Hapana. Breki ni zilezile, uzito wa watu watatu, na tairi la mbele linakuwa jepesi mpaka usukani unaelea. Mtoto kukaa kwenye tanki ndo mbaya kabisa, mkifunga breki yeye ndo mto wako.

Nikaguage nini asubuhi? Sina muda.

Unao. Wakati injini inapata moto zunguka mara moja. Bonyeza matairi, na mara moja kwa wiki pima upepo kwa geji, kiwango kimeandikwa kwenye kibandiko cha cheni kava au kwenye kitabu, na cha tairi la nyuma kinapanda ukibeba mtu. Tairi likiwa kipara mvua za huku hazitakusamehe. Cheni ishike katikati kwa chini, icheze kama sentimita mbili mpaka tatu, ikilegea sana inaruka na kufunga tairi la nyuma. Breki zote, indiketa zote, taa ya breki iwake kwa mkono na kwa mguu pia. Hii ya mguu watu wengi imekufa na hawajui, na ndo wanashangaa kwanini haisi inawabusu mgongoni.

Saidimira mbili. Kuzing'oa ili upenye ni kuuza macho yako ya nyuma kwa bei ya bure.

Nikikimbia kidogo asubuhi siwahi?

Tuseme kutoka kwako mpaka kazini ni kilometa 8, kama mtu wa Ujiji hivi. Kwa 40 unatumia dakika 12, kwa 60 unatumia 8. Dakika nne, na hapo nimekupa barabara tupu, hakuna matuta, hakuna zebra, hakuna wanafunzi. Kiuhalisia unamkuta yuleyule uliyemuovateki amesimama na wewe kwenye tuta la pili. Ndani ya makazi sheria inasema mwisho 50. Toka nyumbani mapema kwa hizo dakika nne.

Usiku je?

Usiku kuna baiskeli ya mkaa haina taa, kuna mbuzi, kuna mtu amevaa nguo nyeusi anatembea na mgongo kwako. Mwendo wako uwe ule unaoweza kusimama ndani ya mwanga wa taa yako. Gari likikuwashia fulu usishindane nalo, angalia ukingo wa kushoto wa barabara mpaka lipite. Umekunywa, acha pikipiki hapohapo, utaikuta kesho.

Nikianguka au nikikuta mtu ameanguka?

Kwanza zuia magari, weka watu wawili kila upande wapunge mikono, maana ajali ya pili kwenye ajali ya kwanza ni kawaida sana. Majeruhi asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono na miguu kama gunia, na helmeti usiivue kama anapumua na hakuna ulazima, shingo inaweza kuwa imeumia. Damu ikiwa nyingi bana palepale na kitambaa safi usiachie. Piga 112. Anayevuja damu apelekwe hospitali ya Maweni kwanza na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ifuatwe polisi na mtu mwingine. Piga picha za eneo kabla vyombo havijasogezwa, chukua namba za magari na simu za mashahidi wawili, wanaokaa dukani ni bora kuliko wapita njia kwa sababu kesho utawakuta.

Leseni na bima ninazo za rafiki, zinafaa?

Leseni ni ya mtu, ya rafiki yako ni ya rafiki yako. Ya kwako iwe ya daraja la pikipiki, ya gari peke yake haitoshi. Bima ni ya chombo na angalau ile ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, ila kama dereva hana leseni usitegemee kampuni ya bima ikulipie kirahisi. Nakala ya bima na risiti ihifadhi kwenye simu, na kabla hujalipa hakikisha namba ya chombo na tarehe zimeandikwa sawa, kuna watu wamegundua wana bima ya pikipiki ya mtu mwingine siku wakiwa kituoni tayari.